Goma ya Wasidi si burudani ya hotelini
Eti ngoma ya Wasidi, watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Gujarat, India, ni burudani ya jioni kwa wageni waliokuja kuona simba wa msitu wa Gir. Sikubaliani kabisa. Hiyo ya hotelini, yenye manyoya ya tausi na nazi kupasuliwa kwa kichwa, ni kipande tu. Wenyewe huiita goma, neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa, na huipiga kwa ajili ya walii wao Bava Gor, anayehusishwa pia na biashara ya vito vya akiki. Kaburi lake liko Ratanpur, wilaya ya Bharuch. Nimefika pale nikakuta Waislamu na Wahindu wakileta nadhiri zao pamoja. Nilisisimka mwili mzima. Mliofika Jambur, kijiji cha Wasidi, watoto bado wanafundishwa kupiga malunga, ule upinde wa muziki?