Majirani wa Lafayette na mageti yetu ya Kiseke

Watu wa nyumbani wakinipigia simu, swali halikosi: "Huko si kila mtu na lake?" Naishi Lafayette, kusini mwa Louisiana, Marekani, na kwa siku za kawaida jibu ni ndiyo. Jirani unamjua kwa gari lake na kwa mkono anaokupungia asubuhi. Hilo silibishi. Lakini wiki hii nikiwa likizo Mwanza nimewaambia ndugu zangu kwamba kuna jambo moja wale wanatushinda: wanajua kumwalika jirani kula bila sababu yoyote, na wanamwalika kwa chakula kilichotoka matopeni kwao. Wamenikatalia, ndiyo maana naandika.

Louisiana kuna kamba wa maji baridi, wekundu, wenye magando, ambao kwa Kiingereza huitwa crawfish, wanaoishi kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga. Mkulima akishavuna mpunga hujaza tena maji shambani, na kamba wanakuwa zao lake la pili. Msimu hukolea kuanzia Machi hadi Mei, na kwa kuwa Wakatoliki ni wengi upande ule, Ijumaa Kuu karibu kila mtaa una sufuria linalochemka uani.

Siku kama hiyo tulialikwa kwa mara ya kwanza, mimi, mke wangu, watoto, na mama yangu aliyekuwa amekuja kututembelea. Mama ameuza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, tangu ujana wake. Kwa samaki humwambii kitu. Alipoona gunia la wavu linachezacheza, kamba wazima wakitoa magando, alirudi nyuma akaniuliza kwa Kisukuma kama kweli vidudu hivi vinaliwa. Kwetu Ziwa Victoria chenye magando hatuna mazoea nacho, na majirani zetu Wasabato, ambao hata kamongo na kambare hawagusi, wangemfungulia Walawi pale pale.

Mzee mwenye nyumba akawamwaga kamba kwenye beseni, akawasuuza mpaka maji yakaacha tope, akawachambua na kuwatupa waliokufa. Mama akaninong'oneza, "Huyu anaijua kazi." Kuanzia hapo akahamia karibu na jiko. Chumvi, pilipili ya unga, limau zilizopasuliwa, vitunguu saumu vizimavizima, viazi, mahindi. Siku nyingine hutiwa na soseji, lakini ile ilikuwa siku ya kutokula nyama. Kamba huchemka dakika chache tu, kisha moto unazimwa na wanaachwa walowe humohumo, kwa sababu ladha huingia katika kule kulowa.

Meza ndefu ilitandikwa magazeti, sufuria zima likamwagwa juu yake. Hakuna sahani, hakuna kiti. Unashika kichwa na mkia, unanyonga, unavuta, unamenya pete ya kwanza ya ganda, unabana chini ya mkia na mnofu unatoka. Daktari na fundi bomba wa mtaa ule walisimama bega kwa bega, vidole vyekundu. Mtoto wetu mdogo alilia kwa pilipili, mke wa mzee akamkimbilia na maziwa. Mama alikula mpaka rundo lake la maganda likapita langu.

Mzee alitueleza kwamba zamani kamba wale walihesabiwa chakula cha maskini. Leo ni fahari yao: mwaka 1959 Bunge la jimbo liliutangaza mji jirani wa Breaux Bridge kuwa makao makuu ya kamba hao duniani, na mwaka 1983 kamba akafanywa nembo rasmi ya jimbo.

Sasa nenda harusi yoyote ya Mwanza. Pilau, ng'ombe, kuku, soda. Ziwa liko dirishani, dagaa hayumo. Tunamwona wa kulia nyumbani tarehe zikiwa mbaya, na wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Tangu miaka ya 1990 minofu ya sangara inatoka viwandani kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki, na anayekula mapanki hamwambii mtu. Utamwalikaje jirani kwa chakula unachokionea aibu?

Halafu mageti. Mitaa yetu ya Mwanza, Kiseke, Buswelu, Nyamhongolo, kila kiwanja kina ukuta na nyaya juu. Tunakutana msibani na harusini, na kote kuna kamati, mweka hazina na ahadi. Michango hiyo naiheshimu kwa moyo wote, ndiyo iliyomzika baba yangu, na Lafayette hakuna atakayelala uani kwako siku za matanga. Ila jirani ninayemwona chini ya turubai la msiba tu, simjui anavyocheka. Hilo linaniuma.

Baba mdogo ananijibu kwamba maisha ni magumu na sato hashikiki. Kweli, ndiyo maana nasema dagaa. Wavuvi hutoka usiku wa giza na taa zao. Mbalamwezi ikikolea wanapumzika. Giza likirudi dagaa wanajaa na bei inashuka. Ratiba ya kualikana tunayo tayari, inapangwa na mwezi. Dagaa wabichi, ndimu, chumvi, mafuta yakolee moto, wakaangwe mpaka wakauke. Ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, pembeni, watoto wapewe matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.

Binamu yangu mmoja anapendekeza tuwapandikize kamba wale ziwani. Hapana. Ziwa Naivasha, Kenya, waliwekwa mwaka 1970 wakaleta madhara, na ziwa letu lilishapandikizwa sangara, aina nyingi za furu, samaki wetu wadogo wa asili, zikatoweka. Kamba wabaki kwao. Ninachokitaka ni ile meza.

Mama ameniunga mkono, na baba mdogo amelainika kidogo. Giza la mwezi huu, Jumamosi jioni, tunanunua dagaa Igombe na kuweka majiko ya mkaa nje ya geti, barabarani. Hakuna kadi wala mchango. Jirani wa kona, ambaye kabla ya wiki hii tulikuwa tunasalimiana tu, ameuliza aje na nini. Mama amemwambia aje na watoto wake.