Ukuta mnene si dawa ya joto la Unguja

Kila kaskazi inapokaza joto, hurudi ubishi ule ule wa barazani: wazee walijua kujenga, sisi na matofali yetu ya saruji tunajichoma wenyewe. Dawa inayotajwa ni ukuta mnene wa mawe na chokaa, kama wa Mji Mkongwe.

Ukuta huo unastahili sifa. Ingia nyumba ya mawe saa saba mchana ukitokea Darajani, utahisi nafuu kabla macho hayajazoea kiza. Jiwe hunywa joto polepole, na vichochoro vimelikinga na jua tangu asubuhi.

Lakini joto lililonywewa mchana lazima litoke, na hutoka usiku. Leh, kule Ladakh kaskazini mwa India, mita 3,500 hivi juu ya bahari, hilo ndilo linalotafutwa. Jua la mchana ni kali na usiku hugandisha, basi nyumba huelekezwa kusini, ukuta mzito hupakwa rangi nyeusi na kuwekewa kioo kwa mbele, ukapashe chumba watu wamelala. Félix Trombe aliujenga ukuta wa namna hiyo Odeillo, Ufaransa, mwaka 1967, na ukabaki na jina lake. Sisi usiku wa Februari una nyuzi 25 na zaidi, na unyevu wa kunata mwilini. Nani anataka kupashwa saa tano za usiku?

Nyumba ya fito na udongo, tuliyoiona ya kimaskini, hupoa jua likizama tu, na uwazi chini ya makuti hupitisha upepo. Sikatai, makuti huvuja, hushika moto, na kila baada ya miaka michache hutaka kuezekwa upya. Aliyeezeka bati simlaumu. Namlaumu aliyeliacha bila dari, kisha akaziba matundu ya hewa kwa kuogopa mbu, kana kwamba wavu hauuzwi.

Pesa ya kunenepesha ukuta ningeipeleka kwenye paa. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua hupita karibu na utosi. Baada ya paa, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazoumia. Nyumba iliyolala mashariki-magharibi, madirisha yakitazamana kaskazini na kusini, hupata pepo zote mbili, kaskazi na kusi, na hukwepa jua la alasiri.

Ila viwanja vyetu hupimwa kwa kufuata barabara, si upepo, na jirani naye kashapandisha uzio mpaka usawa wa dirisha lako.