Hoteli ya Kifahari Mwisho wa Reli: Tuanzie Jikoni

Asubuhi moja pale mwaloni Kibirizi nilimkuta kijana akipakia boti ya hoteli moja ya huko kusini. Kreti za soda na bia, maji ya chupa, mitungi miwili ya gesi, maboksi manne ya barafu. Kifuniko cha boksi moja kilikataa kufunga, akalifungua apange upya. Juu kulikuwa na letusi, jibini, na zile nyanya ndogo zinazouzwa kwenye pakiti. Chini kabisa, minofu ya samaki iliyogandishwa na kufungwa kwenye nailoni.

"Bwana mdogo, samaki huyu katoka wapi?"

"Kaja na ndege, mzee," akajibu bila kuinua kichwa.

Hatua kumi kutoka pale, kina mama walikuwa wakianika dagaa kwenye chanja, na migebuka waliovuliwa usiku ule walikuwa bado wanang'aa kwenye mabeseni. Samaki anapanda ndege kuja Kigoma! Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia.

Boksi lile hunirudia kila mjadala wa hoteli za kifahari unapoibuka mjini kwetu. Huibuka hivi: mtu anapokea kwenye simu picha za kisiwa cha Mnemba, kule kaskazini mashariki ya Unguja, chenye mabanda 12 tu na mchanga mweupe kama unga. Au za Thanda, karibu na Mafia, ambako mgeni hukodi kisiwa kizima chenye nyumba moja. Kisha anauliza, sisi na Ziwa Tanganyika letu hili tumekosa nini? Hapo kijiwe kinagawanyika. Wapo wanaotaka mwekezaji aje hata kesho, na wapo wanaosema hoteli za namna hiyo ni ukuta unaojengwa mbele ya ziwa la watu.

Kinachouzwa kwenye visiwa hivyo si kitanda. Mgeni analipa bei moja kwa kila usiku, kwa kichwa au kwa kisiwa kizima, na ndani yake kuna milo yote, vinywaji, boti, vifaa vya kupiga mbizi, wakati mwingine hata mtu wa kumkanda mgongo. Mpishi anamfuata asubuhi kumuuliza angependa kula nini jioni, na angependa meza iwekwe wapi: ufukweni, chini ya mti, au majini kabisa mawimbi yamguse miguu. Zaidi ya yote analipia kutomwona mgeni mwingine.

Kigoma hatuna kisiwa cha kujivunia. Cha Lupita kimo kwenye ziwa hilihili, lakini kiko upande wa Kipili, mkoani Rukwa. Tulicho nacho sisi ni Mahale, hifadhi ya sokwe, na Mahale ni kisiwa cha nchi kavu. Hifadhi ina kilomita za mraba zipatazo 1,600, mlima Nkungwe umesimama mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na ndani yake hakuna barabara hata moja. Unafika kwa boti, au kwa ndege ndogo kisha boti, na ukishafika unatembea kwa miguu. Kambi yake inayojulikana zaidi, Greystoke, ina mabanda sita. Mbele yake ni ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba ukichungulia pembeni ya mtumbwi unawaona samaki wakipishana chini yako. Hayo ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Mtu akitoka kuogelea hahitaji kujisuuza. Kwa hiyo anayedhani anasa ya namna ile ni ndoto kwetu, ipo tayari, imefika, na ina wateja. Kilichobaki ni kujua inatufaa nini.

Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza. Wao husema ajira, basi. Mimi ningeanza na sokwe. Sokwe anaambukizwa mafua yetu na yanaweza kumuua, ndiyo maana kule Mahale wageni hawazidi sita kwa kundi, wanakaa nao saa moja, na kila mtu anavaa barakoa. Msitu wa namna hiyo haustahimili mabasi ya watalii. Ukitaka hifadhi iingize fedha na watu wabaki wachache, huna njia nyingine ila hao wachache walipe sana. Hesabu hiyo haina siasa. Watafiti wa Kijapani wamekuwa Mahale tangu mwaka 1965 wakiwazoeza sokwe hao kuonana na binadamu. Kazi ya miaka 60 haiuzwi kwa bei ya chee.

Isitoshe, hoteli ndogo ya ghali ni rahisi kuisimamia. Taka zake zinahesabika, umeme wake ni wa jua, na mgeni mwenyewe hataki kelele. Anayekumbuka ngurumo za jenereta zilizotuendeshea mji huu miaka yote ile anajua ukimya nao ni mali.

Upande wa pili nao hauropoki. Kabla Mahale haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, ilikuwa nyumbani kwa Watongwe. Walihamishwa, na Nkungwe ambao kwao ni mlima wa mizimu ukabaki nyuma ya geti. Mzee wa Kitongwe akisikia mgeni analipia upweke katika mahali ambapo yeye alizikia kitovu, usimtarajie apige makofi. Na fedha zenyewe? Mgeni huwa amemaliza kulipa kabla hajapanda ndege kwao. Akitua huku, mfukoni ana bakshishi na kamera. Ada ya hifadhi inaenda serikalini. Kalilani na Katumbi, vijiji vilivyo jirani, vinaona boti ikipita.

Enzi meli ya Liemba inatembea ziwani, msafiri wa mkoba mgongoni alishuka usiku Lagosa kwa kuruka kwenye mtumbwi, akala kwa mama ntilie, akalala gesti, akakodi boti ya mwanakijiji. Alikuwa na fedha kidogo, lakini alizimwaga palepale. Huyu wa leo ana nyingi, na zinampita mwanakijiji kama ndege iliyombeba mgeni mwenyewe. Nikiri kwamba hoja hii ndiyo inayonikaa kooni, kuliko hata ile ya ardhi, kwa sababu ya ardhi ina wenyewe wanaoijua kwa uchungu zaidi yangu.

Ndipo ninaporudi kwenye boksi. Pande zote mbili zinagombania ufuko na nafasi za kazi, ilhali ufuko unagawiwa mara moja na kazi zenyewe ni chache. Jiko ndilo linalonunua kila siku. Na ukiniuliza jiko la Mahale lingeweza kununua nini bila kuita ndege, nitakuchosha. Chumvi ipo Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mawese yapo kila tarafa. Kahawa ipo Kalinzi na Matyazo, maharage Kasulu. Asali inatoka Tabora, kwenye misitu ya miombo ya Sikonge, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita palepale Tabora. Ziwani kuna mgebuka, dagaa, na kuhe, ambaye kwa ulimi wangu hana mshindani: nyama nyeupe, nzito, haivunjikivunjiki. Mpake chumvi na ndimu, mchome kwenye mkaa polepole, mpe sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese pembeni. Mgeni aliyekula kila kitu Paris hajala hicho.

Basi kwa nini boksi linakuja na ndege? Hapa watetezi wa mwanakijiji, nikiwemo mimi, tunapenda kuruka. Nilimpelekea swali hilo mama mmoja wa Katonga anayenunua samaki mitumbwini alfajiri. Aliwahi kuuzia hoteli. Alisema waliagiza kuhe kumi, wakamkatalia wanne kwa sababu hawakulala kwenye barafu tangu walipotoka majini. "Barafu yenyewe naitoa wapi saa kumi usiku?" Wale sita waliochukuliwa alilipwa baada ya siku 40, tena baada ya kuambiwa alete risiti ya mashine, ambayo hana. Yeye mvuvi anamlipa palepale mtumbwi unapogusa mchanga, la sivyo kesho samaki wanaenda kwa mwingine. Siku 40 ni mtaji kufa.

"Waambie waje na hela," alisema, "wasije na karatasi."

Mpishi naye ukimsikiliza humwoni mkorofi. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu na wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo mwalo unakuwa mkavu, na mgeni aliyeweka nafasi miezi minane nyuma hawezi kuambiwa asubiri mwezi upungue. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na miezi hiyo ya kiangazi ndiyo watalii wanapomiminika. Sisi wenyewe pia tuna letu. Dagaa wakianikwa chini wanakuja na mchanga, na mgeni akisaga mchanga kwa jino mara moja tu, dagaa wamefutwa kwenye orodha ya mpishi kwa mwaka mzima. Chanja zimeanza kusaidia. Mizani ya baadhi yetu bado.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka hoteli zilazimishwe kwa amri kununua kijijini. Amri italeta risiti za uongo, na boksi litaendelea kupita. Ila siwaachii hoteli nazo. Kambi iliyoweza kufikisha mvinyo na jibini pembezoni mwa msitu usio na barabara inashindwaje kuweka friji la barafu mwaloni? Kambi yenye intaneti ya kumwezesha mgeni kutuma picha ya sokwe kwao kabla jasho halijamkauka inashindwaje kumtumia mama wa Katonga hela kwa simu siku ileile? Uwezo wanao. Anayepanga manunuzi anakaa mbali, na kwake oda moja kwa msambazaji mmoja ni kazi ndogo kuliko kuongea na kina mama ishirini.

Lakini nisijidanganye na kuhe wangu. Piga hesabu. Mabanda sita ni wageni 12 yakijaa. Kila mmoja akila nusu kilo ya samaki kwa siku, ni kilo 6. Sita! Hata wakinunua yote Katonga, soko halitashtuka. Anayeahidi kwamba sahani ya mtalii itaibadili Kigoma ajaribu kwanza kutembea mwaloni siku ya mavuno mazuri aone tani zinavyopakiwa.

Chungu kikubwa kiko nyuma. Kwenye hoteli za namna hii wafanyakazi huwazidi wageni: wapishi, wahudumu, waongozaji, manahodha, mafundi, walinzi, wafua nguo. Hao wanakula mara tatu kwa siku, wageni wawepo wasiwepo, na hawahitaji minofu iliyopangwa kwa kijiko. Wanahitaji unga wa muhogo, maharage, mawese, mchicha, dagaa. Dagaa wakavu hawadai barafu. Wakinunuliwa gunia zima siku za giza wanavuka salama siku za mbalamwezi. Kama kuna mlango wa mwanakijiji kuingilia kwenye uchumi wa anasa, ni huo wa uani, na ndio ambao sijawahi kuusikia ukitajwa kijiweni hata mara moja. Hata unga wa wafanyakazi unaweza kuwa unaagizwa mbali kwa oda ileile ya letusi, na hakuna anayeuliza, kwa kuwa sote macho yetu yako kwenye meza yenye mishumaa.

Nitakubali hoteli nyingine pale Mahale, au popote kwenye ufuko wetu, nikiona mkataba wake unasema ya jikoni kwa uwazi kama unavyosema ya ufuko: itanunua nini, kwa nani, na italipa baada ya siku ngapi. Bwawa la kuogelea sina ugomvi nalo, ingawa kujenga bwawa kando ya ziwa kama hili ni kuchimba kisima mtoni (wenyewe watakwambia mamba na kiboko, na hawasemi uongo).

Yule kijana wa Kibirizi alipomaliza kufunga boksi lake nilimuuliza wao wanakula nini kule.

"Ugali na dagaa, mzee. Dagaa nawabeba mimi, hawa hapa." Akaonyesha kiroba kilichosukumwa chini ya kiti cha nahodha. "Juzi wageni wawili walikuja mpaka jikoni kwetu, wamefuata harufu."

"Mkawapa?"

"Tukawapa. Wakala kwa mkono, wakafuta sahani. Kesho yake wakarudi wanataka tena."

"Ikawaje?"

Alikuwa ameshaanza kusukuma boti. "Walikuwa wameisha. Mbalamwezi."