Kabla ya Kanuni, Mishale

Chungulia twisheni za jioni hapa Moshi kidato cha tano wanapoanza umeme tuli: ubaoni imeandikwa E = kq/r² (E ni uga wa umeme, yaani nguvu kwa kila kizio cha chaji; q ni chaji, r ni umbali kutoka kwake, k ni namba isiyobadilika), namba zinamwagwa ndani, kisha majibu yanajumlishwa kama bei za nyanya. Napinga utaratibu huo. Kanuni hiyo inatoa ukubwa tu, na uga wa umeme ni vekta, yaani una ukubwa na mwelekeo.

Chukua chaji ya +5 nC (nanokulombi, yaani 5 × 10⁻⁹ za kulombi) kwenye (0, 0), ya −4 nC kwenye (30, 0), na nukta P kwenye (30, 40), vyote kwa sentimeta. Kalkuleta isiguswe kwanza. Fikiria chaji chanya ndogo imewekwa pale P: +5 inaisukuma juu kuelekea kulia, −4 inaivuta chini wima. Chora mishale hiyo miwili. Alama ya kutoa imeshamaliza kazi yake, kwa hiyo kwenye kanuni ingiza 4, siyo −4. Anayeingiza −4 anageuza mshale mara ya pili, na chaji hasi inaanza kusukuma!

Sasa hesabu kwa mita, k ikiwa 9 × 10⁹. Ya kwanza iko mita 0.5 kutoka P (kwa Pythagoras), na kq yake ni 9 × 10⁹ × 5 × 10⁻⁹ = 45: 45 ÷ 0.5² = 180 N/C (nyutoni kwa kulombi). Ya pili: 36 ÷ 0.4² = 225 N/C. Aliyesahau kubadili sentimeta atapata namba ndogo mara 10,000.

Mshale wa 180 umelala mshazari, ugawanye: mlalo 180 × 30/50 = 108, wima 180 × 40/50 = 144. Wa 225 ni wima mtupu, kwenda chini. Jumla ya mlalo ni 108, ya wima 144 − 225 = −81. Kwa Pythagoras, uga ni 135 N/C, nyuzi 36.9 chini ya mlalo, upande wa kulia. Aliyejumlisha tu ana 405. Aliyetoa tu ana 45.

Ukitaka uhakika, karatasi ya grafu inatosha: sentimeta 1 kwa kila 45 N/C. Mshale wa sm 4, kwenye ncha yake unganisha wa sm 5, na kutoka mwanzo hadi mwisho rula isome sm 3.

Mchoro pia huokoa muda. Chaji nne chanya zilizo sawa kwenye pembe za mraba: katikati uga ni sifuri, bila hesabu. Ondoa moja, unabaki uga wa chaji moja tu, ukielekea pembe iliyoachwa wazi.