Kabla ya kuchoma kidole, uliza

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani Mbagala. Miaka michache iliyopita alipita kwenye hema la upimaji wa bure wa kisukari saa tano asubuhi, ameshakunywa chai na chapati mbili. Wakamchoma kidole, mashine ikasoma sukari 9.2 mmol/L. Akaambiwa, "Uko sawa mama, punguza sukari tu." Alirudi nyumbani na furaha. Kisukari chake kiligundulika baadaye, alipokwenda kutibiwa kidonda cha mguu kisichopona.

Tangu hapo nikisikia hema fulani limepima mamia ya watu kwa siku, nauliza: wagonjwa wapya ni wangapi, na wangapi wameshaanza dawa? Gharama ya upimaji naihesabu kwa hao, siyo kwa urefu wa foleni.

Kumpima mtu aliyekwisha kula ni rahisi, lakini jibu lake halina nguvu. Sukari ikifika 11.1 na dalili zipo, sawa, ni kisukari. Chini ya hapo wagonjwa wengi wanapita. Ukimpima asubuhi kabla hajala, mpaka ni 7.0, na stripu, kile kikaratasi cha kuwekea tone la damu, ni ileile. Kazi iliyoongezeka ni kumwambia jana yake aje asubuhi bila kula. Anayevuka mpaka anakwenda kuthibitishwa maabara. Kipimo kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kusubiri saa mbili kinawanasa wengine zaidi, ila mama lishe wa Kariakoo hataacha sufuria jikoni saa mbili nzima.

Kuna wanaosema tuhamie HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu na hakihitaji kufunga. Ni kipimo kizuri, lakini ni ghali, na kwetu, ambako waliobeba vinasaba vya sikoseli na wenye upungufu wa damu ni wengi, majibu yake yanaweza kupotosha. Kulipa zaidi kwa jibu la mashaka sikubali.

Mimi naona tuanze na maswali na futi ya kupimia kiuno, kisha tuwachome wale tu walio hatarini. Wafini walitengeneza dodoso la namna hiyo: umri, uzito, kiuno, mazoezi, mboga na matunda, dawa za presha, kama sukari iliwahi kupanda, na kama kuna ndugu mwenye kisukari. Vipimo vya kiuno cha Mfini tusivinakili tu, tuvipime kwanza kwa watu wetu.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa watu wazima wapatao 9 katika kila 100. Kwa hiyo katika watu 1,000 wapo kama 90. Ukiwachoma wote, kila mgonjwa amekugharimu stripu 11. Sasa tuseme maswali yanakuchagulia watu 400, na ndani yao wamo wagonjwa 70: ni stripu zisizofika sita kwa mgonjwa. Ishirini wamekuponyoka, na hilo linaniuma. Ndiyo maana maswali yarudiwe kila mwaka, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaozijua nyumba, ndio wayaulize. Pesa iliyobaki ilipie maabara na nauli ya kumfuatilia aliyekutwa na sukari.

Babu, baba yake mama mdogo, alifariki kwa kisukari. Mama mdogo mwenyewe kiuno chake anakijua kwa inchi, maana futi iko shingoni mwake kutwa. Pale kwenye hema hakuna aliyemuuliza lolote kati ya hayo.