Mtoto hana VVU, sawa, ila ubongo wake nani anaufuatilia?

Siku ya majibu ya mwisho ya kipimo cha VVU cha mpwa wangu nilimsindikiza dada, ambaye anaishi na VVU, kliniki, mtoto ana miezi 18 na ameshaacha kunyonya, dada ameishikilia kadi mpaka imelowa jasho la mkono. Nesi akamwambia mtoto yuko salama, hana maambukizi. Dada akalia palepale kwenye benchi, tukaondoka tumefurahi. Njiani ndo nikawaza, mbona hakuna aliyeuliza kama anaongea?

Maana kuna watafiti wa mradi wa Drakenstein kule Paarl, jirani na Cape Town, waliowafuatilia watoto tangu wakiwa tumboni, wakakuta wale wa mama wenye VVU, ambao wenyewe hawakuambukizwa, wakifika miaka 2 wengi zaidi wanachelewa kwenye lugha, kuelewa na kusema, ukiwalinganisha na wenzao wa maeneo yaleyale. Hata picha za ubongo walizopigwa wakiwa na wiki chache tu zilionyesha tofauti. Sasa wanaosema hili jambo tulifuatilie kwa karibu wanaanzia hapo, na mi naona wana hoja, kwa sababu watoto wa namna hii duniani wanakaribia milioni 16 na wengi wako huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara.

Ila Botswana nao walipima watoto wa miaka 2 wa aina hiyohiyo na kwa jumla hawakuonekana kuachwa na wenzao. Kwa hiyo ukisema VVU vya mama vinaharibu ubongo wa mtoto, moja kwa moja hivyo, unadanganya watu. Kuna umaskini humo ndani, kuna kuzaliwa njiti, kuna mama mwenye sonona asiye na nguvu hata ya kumchekea mtoto, kuna pombe, na ndio, kuna dawa za VVU anazomeza mama pia. Mojawapo, efavirenzi, ilihusishwa na vichwa vidogo kwa baadhi ya watoto Marekani. Lakini dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, nayo mwaka 2018 ilizua taharuki kutoka hukohuko Botswana kwamba inaharibu uti wa mgongo wa mtoto tumboni, data zilipoongezeka ile hofu ikayeyuka, na katikati hapo wanawake wengine walishanyimwa dawa nzuri. Bila dawa mama anaweza kumwambukiza mtoto kwa asilimia 15 hadi 45, akizitumia vizuri inashuka chini ya 5, na virusi vyenyewe vikiingia kwenye ubongo wa mtoto vinauumiza kuliko chochote nilichotaja hapa. Mama asiache dawa, hilo halina mjadala kabisa.

Kinachonitisha mimi kwa upande wa pili ni jina. Neno likishatoka kwamba watoto hawa wana akili nzito, mwalimu wa darasa la kwanza atakuwa nalo kabla mtoto hajashika penseli, wakati tofauti yenyewe ni ya wastani wa kundi na wengi wao wanakua vizuri tu.

Halafu Zimbabwe vijijini, kwenye utafiti wa SHINE, watoto wa mama wenye VVU waliopata vyote viwili, lishe ya nyongeza pamoja na choo bora na usafi wa maji, walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya lugha na mwendo, ila kimoja peke yake hakikutosha. Hilo limenipa moyo sana, yaani kuna kitu cha kufanya, haijaandikwa kwenye damu.

Kwa hiyo mi nasema tuwafuatilie, ila tuwafuatilie wote. Nesi akishamning'iniza mtoto kwenye mizani na kuchora mstari wa uzito kwenye kadi, aulize pia: akiitwa anageuka? anaonyesha kidole kitu anachotaka? ana maneno mangapi? Amuulize kila mama aliyeko kwenye benchi, mwenye VVU na asiye navyo, ili dada yangu aulizwe bila jirani yake kujua chochote.