Msizifungie kabatini suti za rangi nyepesi

Sisi tuliotoka nchi za joto, Oktoba ikigonga tu huku ughaibuni, tunaanza kuvaa kama watu wa matangani. Koti jeusi, suruali nyeusi, skafu nyeusi. Ukiuliza, unajibiwa kwamba baridi haitaki rangi nyepesi. Hapo mimi nabisha.

Nyumbani suti ya krimu au ya rangi ya mchanga ina sababu yake: jua likiwaka, nguo nyeusi inakupika mzima mzima. Ndiyo maana rangi hizo tumezizoea kwenye kitani na pamba, vitambaa vyepesi vinavyojikunja ukikaa kidogo tu. Halafu tunahama navyo, tunavivaa Novemba, upepo unapenya mpaka mbavuni, na lawama yote tunaitupia rangi. Wenye kaida zao nao wanatuunga mkono. Wamarekani wana ile ya kale kwamba nyeupe huachwa baada ya sikukuu yao ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Sawa, lakini kitani cha bluu nacho kitakugandisha vilevile.

Cha kutafuta ni sufu. Flaneli ya krimu, kitambaa laini cha sufu, ile ambayo Waingereza wa zamani walichezea kriketi na tenisi, ina vinyweleo laini juu yake na inashika joto. Muulize fundi uzito: suti ya joto huwa na gramu 250 hivi kwa mita, ya baridi anzia 340. Ishike mkononi. Flaneli nzuri inaning'inia kwa uzito wake yenyewe, na ukiifinya kwenye ngumi kisha ukaiachia, inajinyoosha. Tweed, sufu nzito yenye kukwaruza kidogo, ya rangi ya uji wa shayiri nayo inafaa, hasa kwa koti.

Mwanga wa huku pia si wa kwetu. Kaskazini, Desemba, jua linaweza kuzama saa kumi alasiri, na hata mchana mbingu ni kijivu. Chini ya mwanga huo nyeupe kabisa inageuka ya kibuluu, baridi kama shuka la hospitali. Krimu na kijivu cheupe ndizo zinazobaki na uhai, na kwa maoni yangu hakuna ngozi inayozipendezesha kama nyeusi yetu.

Anayeogopa suti nzima aanze na suruali peke yake: flaneli ya krimu, sweta zito la kahawia au koti la bluu iliyokoza. Suti nzima ivalie sweta la shingo ndefu badala ya shati jeupe na tai, na viatu vya kahawia vya suede, ile ngozi isiyong'aa yenye vinyweleo. Viatu vyeusi vinaikata miguu, unabaki kama bwana harusi aliyepotea ukumbi. Juu yake koti refu la rangi ya ngamia, na lifunike kabisa pindo la koti la suti. Likiishia juu yake, umeharibu.

Suruali ishonwe isilale kwenye kiatu, maana pindo ndilo linalozoa uchafu. Tope likikurukia usilifute likiwa bichi, utalisugulia ndani. Liache likauke, kisha brashi. Siku theluji inapoyeyuka, na chumvi imemwagwa barabarani, mimi navaa ya kijivu iliyokoza. Sina ubishi na tope.